Barua ya wakili kwa posti ya pampu, nilivyoijibu

Barua ilinikuta dukani saa nne asubuhi, nauza vocha na mikate, kijana wa boda kanipa bahasha ya kaki kasema saini hapa, mie nikasaini bila ya kusoma kwa sababu kuna mtoto anangoja chenji. Kufungua ndani, wakili wa kampuni iliyotuchimbia kisima shehiani kwetu, Wete, Pemba, huku upande wa shamba, ananambia nimemkashifu mteja wake na nina siku 14 niombe radhi na nilipe milioni 30. Milioni 30! Duka zima pamoja na friji halifiki milioni 4.

Kosa nalijua. Pampu ilikufa miezi mitatu tu baada ya kuzinduliwa, wanawake wakarudi na ndoo zao kule kisima cha zamani, nami usiku mmoja nina hasira nikaposti Facebook picha ya mfereji (bomba la maji) mkavu nikaandika "pesa zetu wamezila, mkandarasi na kamati wamegawana nusu kwa nusu." Komenti zikapita mia, posti ikahamia magrupu ya watsapu mpaka jamaa yangu alioko Muscat akanipigia kunipongeza. Nikajiona mwandishi.

Siku ya barua sikula. Lililonijia mwanzo ni kuifuta posti, halafu nikasema hapana ngoja nijibu, nikakaa na simu mpaka saa nane usiku nikaandika kurasa tatu. Nimenukuu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 kifungu kwa kifungu maana utetezi wa kashfa umo, nikatia na habari ya Konaté wa Burkina Faso, mhariri aliefungwa kwa kumwandika mwendesha mashtaka, halafu Mahkama ya Afrika pale Arusha mwaka 2014 ikasema kumfunga vile ni kuvunja haki yake. Nikalala nimeshashinda kesi.

Asubuhi nikampelekea ami yangu, karani wa mahkama mstaafu. Kavaa miwani, kasoma, kacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mwanangu, sheria hii haikuvuka bahari. Soma mwanzo wake, ni ya Tanzania Bara. Sie huku magazeti tunakwenda na sheria ya 1988, na weye huna gazeti." Nikamuuliza basi mie nnaguswa na nini, kanambia mambo mawili, kesi ya madai ya kashfa ambayo ndo barua inayotisha, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hiyo ya Muungano na huku imefika, kifungu cha 16 habari za uongo, faini si chini ya milioni 5 au jela si chini ya miaka 3 au vyote viwili. Nikasema lakini ami, Katiba ya Zanzibar kifungu cha 18 inanipa haki ya kutoa maoni. "Inakupa, na cha 24 kinakuwekea mipaka. Na huyo Konaté wako kamaliza mwaka wake ndani ndo akaja akashinda. Weye mwaka unao?"

Nikanyamaza.

Akachukua penseli, ikawa kila neno la posti analipigia mstari na kuniuliza, hili umeliona? Pampu imekufa, nimeona. Mfereji mkavu, nimeona na picha ipo. Wamezila, nani kakwambia? Watu barzani. Nusu kwa nusu, ulikuwepo wakigawana? Hapo ndo nikahisi joto masikioni, kwa sababu hata hao wa barzani hawakusema nusu kwa nusu, yale nimeyatia mwenyewe ili maneno yakae vizuri.

Akanikataza kufuta kimya kimya. Wenzako wana skrinshoti tayari, utabaki huna weye, hifadhi kwanza posti na komenti zote na tarehe zake ndo urekebishe. Lakini usichelewe, maana kile kifungu cha 16 kinataka uwe unajua kama jambo ni uongo, sasa umeshaandikiwa barua kwamba si kweli na ukaliacha pale pale, ile "sikujua" yako itakuwa nyembamba.

Nikapanda gari ya 606 mpaka Chake kwa msaidizi wa sheria, bure. Kurasa zangu tatu zikawa nusu ukurasa. Tulichobishania sana ni neno radhi, yeye anataka niombe radhi kwa posti yote yaishe, mie nikakataa, siwezi kuomba radhi kwa kusema maji hakuna na maji hakuna kweli. Mwisho tukaandika kwamba maneno ya kula na kugawana sina ushahidi nayo, nimeyaondoa na kuyaombea radhi pale pale nilipoyaandika, ila habari ya pampu kutofanya kazi naishikilia na picha hizi hapa na tarehe zake. Milioni 30 hatukuigusa. Nakala mbili, nikaipeleka kwa mkono, yangu ikagongwa mhuri wa kupokelewa.

Siku 14 zikapita, mwezi ukapita, kimya. Kila boda ikisimama mbele ya duka tumbo linanikata, hadi leo, na umeshakaribia mwaka. Kamati iliitisha mkutano, fundi kasema mbele ya sheha kwamba mota imeungua kwa umeme mdogo. Naandika "fundi kasema", siandiki ndivyo ilivyokuwa, adabu nimeshaipata. Mota mpya ilifungwa kabla ya Ramadhani.

Ile posti ya kusahihisha imepata komenti kumi na moja. Moja ya mke wangu: zima simu uje ule.