Udongo wa kununua: siku yangu moja Birere

Saa 11 na robo alfajiri

Lazima nimtangulie jirani. Akishatoa nje mbabula yake, lile jiko la makaa, na kuiwasha, njia imekwisha, nami na kopo langu tunabaki mlangoni kungoja chai yake ichemke.

Kati ya ubao wa nyumba yangu na ubao wa nyumba yake pana hatua moja na nusu. Watu wa mtaa wa Himbi wana parseli, yaani viwanja, wana migomba na maua na mbwa. Sisi wa mtaa wa Birere, hapa Goma, mashariki ya Kongo, tuna njia. Katika njia hiyo nina magunia saba, bidoni nne, yaani madumu, nilizozikata ubavu na kuzitundika ukutani, na beseni lililotoboka lenye vitunguu vya majani. Shamba langu ndilo hilo. Anayepita hupita kiubavu.

Giza bado, kwa hiyo namwagilia kwa kidole. Nakichomeka udongoni hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, gunia hilo lisubiri kesho. Kikitoka kikavu, linapata kopo mbili, moja juu na moja katikati, kwenye mawe. Mwezi wa 7 huu mvua hakuna, na bidoni ya lita 20 haiji bure. Ziwa Kivu lote lile liko pale chini, tunaliona kila siku, lakini maji yake hayapandi yenyewe. Kwa hiyo mboga zangu hunywa maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na yale ya mwisho ya kusuuzia nguo. Ya sabuni nzito hapana, niliwahi kuua seleri nzima kwa ubahili huo. Na maji ya ziwa yasiyotiwa dawa sigusi majani nayo. Goma tunaishi na kipindupindu kama ndugu asiyeondoka, na hakuna haja ya kumkaribisha mezani.

Saa 12 na nusu

Binti yangu, miaka 11, amefunga shule. Kazi yake asubuhi ni kukata lengalenga, mchicha wetu. Nimemfundisha: usiing'oe, ikate vidole vinne juu ya udongo, juu kidogo ya majani ya chini, itachipua tena pembeni. Gunia moja nalikata mara tatu au nne kabla mashina hayajawa kuni.

Sasa niwaeleze habari ya udongo, maana wasomaji wa miji mingine wanaweza kudhani shida yetu ni nafasi. Nafasi kweli ni ndogo. Lakini hata ningepewa uwanja wa mpira hapa Birere nisingepanda kitu, kwa sababu chini ni jiwe. Piga sururu, zinatoka cheche. Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka 9. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto ukateremka ukapita katikati ya mji hadi ziwani, na sisi tukakimbilia Gisenyi na godoro moja. Tuliporudi, mtaa tulioujua ulikuwa chini yetu. Tulitembea juu ya jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa likichoma soli za sandali. Halafu watu wakajenga juu yake, mbao juu ya mawe, na mpaka leo tunalala hapo. Udongo wa bibi yangu upo, lakini upo chini ya lava, na mimi sina baruti.

Basi udongo tunanunua. Unakuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, kutoka mashambani nje ya mji, umefungwa ndani ya mifuko, na bei yake inategemea jinsi kijana alivyochoka kusukuma. Mara ya kwanza mama yangu aliposikia nimenunua udongo alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaniuliza: mwanangu, umeukagua? Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeuziwa vumbi la barabarani lenye vipande vya plastiki na betri. Tangu siku hiyo nautia kwanza mkononi, nautemea mate, naufinya. Ukishikana na kuvunjika kwa urahisi, nanunua. Ukitiririka kama unga, namwambia kijana asante, pole kwa kilima.

Gunia la mchele la kilo 50 linameza mabeseni matatu ya udongo na moja la samadi. Samadi yangu ni ya dende, wale vitabu vinawaita simbilisi. Jirani anafuga wapatao ishirini jikoni kwake, chini ya meza. Mimi nampa mashina na maganda, yeye ananipa kinyesi, nakichanganya na majani makavu nakiacha kioze wiki kadhaa. Hakuna pesa inayopita kati yetu, ndiyo maana namsamehe ile mbabula.

Katikati ya gunia nasimamisha kopo la maziwa ya unga lililotolewa kitako. Nalijaza vijiwe vya lava, nazungushia udongo, halafu nalivuta juu, najaza tena, navuta tena, mpaka mdomoni. Mwishowe unabaki mgongo wa mawe kuanzia juu hadi chini, na maji yanaupitia kufikia mizizi ya chini. Bila huo, juu panakuwa tope na chini jangwa. Hapo ndipo volkano imetulipa kidogo: vijiwe vyake ni vyepesi, vina vitundu kama mkate, vinapitisha maji na kubakiza unyevu. Na kila mtu anavyo bure.

Baada ya siku mbili tatu udongo ukishatulia, natoboa ubavu. Mimi ni mshonaji, natoboa kama tundu la kifungo: mkato mmoja mfupi wa kulala, shibiri moja kutoka mwenzake, mstari wa pili ukikwepa wa kwanza. Pembeni nachomeka spinachi, juu namwaga lengalenga. Mbegu zake ni ndogo mno, ukizimwaga hivihivi zinaanguka zote sehemu moja, kwa hiyo nazichanganya na mchanga kwanza.

Tomati? Nimeziachia watu wa Himbi. Njia yangu inapata jua tangu saa 4 hadi saa 7, basi. Tomati inataka jua la siku nzima. Nilizilea miezi mitatu, nikapata miti mirefu na tunda moja, tukaligawana watu wanne.

Saa 2

Nakwenda atelie, chumba chetu cha kushonea. Njiani napishana na wamama wanaotoka bariyeri ndogo, mpakani na Rwanda, na mabeseni ya mboga kutoka Gisenyi. Soko letu ni hivyo: mboga za Rwanda asubuhi, shu (kabichi) na karoti za Kibumba zikishuka kwa barabara ya Rutshuru. Barabara ikiwa na matatizo, au mpaka ukifungwa mapema, fungu la lengalenga linakonda mkononi mwa muuzaji na bei ileile. Magunia saba hayalishi nyumba, sitawadanganya. Yananitoa sokoni siku tatu kwa wiki, na seleri sijanunua tangu mwaka jana.

Saa 3 hadi saa 6 na nusu

Kazi ya leo ni gauni la harusi, satini nyeupe, la Jumamosi. Naosha mikono mara mbili kwa brashi, maana udongo unajificha chini ya kucha, na satini haina siri.

Karibu na saa 5 anaingia mteja, yaya (dada mkubwa, tunavyosema hapa) mmoja wa mtaa wa Majengo, analeta kikwembe, yaani kitenge, cha kushona na magunia mawili matupu ya kushonewa pia. Wameshanijua. Magunia haya meupe ya kufumwa ni plastiki, na plastiki hiyo inaliwa na jua. Miezi mitano sita, unagusa tu, inakuwa unga kama mkate mkavu.

“Yaya, usitumie moja,” namwambia. “Ingiza moja ndani ya lingine, nishone mdomo, halafu nje ulivishe nguo ya zamani. Jua likule nguo, lisikule gunia.”

“Unataka nilivishe gunia kikwembe?”

“Kile ambacho hakikupendezi tena.”

“Ah, basi ninavyo vingi. Vyote alininunulia bwana.”

Atelie nzima ikacheka.

Saa 7 na dakika 20

Mganga hajigangi. Binti yangu anaingia mbio, hana kiatu kimoja. “Mama, gunia limepasuka!”

Ni lile la mwisho, karibu na choo. Nililijaza mwezi wa 2 kwa haraka, ganda moja tu, nikasema nitalishonea koti baadaye. Limechanika toka mdomo hadi chini, na udongo umemwagika juu ya lava.

Kama hujawahi kuokota udongo juu ya lava, niwaambie: jiwe lile lina meno na mashimo, na kila shimo linataka kubaki na sehemu yake. Ufagio unausukuma ndani zaidi. Tulipiga magoti, mimi, binti na jirani wa dende, tukaukwangua kwa vijiko. Binti alitoa brashi ya kiatu, ikafanya kazi kuliko vijiko. Mizizi ya spinachi tuliifunga kwa kitambaa chenye maji, tukaiweka kivulini ndani ya sufuria.

Mama bayeri akasimama nyuma yetu. Bayeri ndiye mwenye nyumba.

“Mama, hayo magunia yako siku moja yataniozea ubao.”

“Pole, mama. Nimeshayasogeza kiganja kimoja, angalia, nimeweka na mawe chini.”

Akainama akaangalia, akapitisha mkono nyuma ya gunia la tatu. Ubao mkavu. Hakusema kitu. Akachukua kijiko cha nne, akachuchumaa pembeni yangu, akaanza kukwangua.

“Huu ni udongo mzuri,” akasema baada ya muda. “Ulinunua wapi?”

Tulipata mabeseni matatu na nusu kati ya manne. Nusu beseni imebaki kwenye meno ya jiwe, na nadhani mvua ya mwezi wa 9 ikija, hapo njiani pataota lengalenga.

Saa 9 hadi saa 11 na nusu jioni

Satini. Mikono ilioshwa mara nne. Sina la kusema zaidi.

Saa 1 usiku

Lengalenga za asubuhi, kitunguu, seleri, sambaza za kukaanga, na fufu. Baba mmoja mzee aliyekuwa mvuvi aliwahi kuniambia hata sambaza si mwenyeji wa Kivu, na ni kweli: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiangalia sahani yangu, mwenyeji ni sahani.

Saa 2 na nusu usiku

Umeme umekatika, lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga. Binti anashika tochi ya simu. Naingiza magunia yangu mawili ya akiba, moja ndani ya jingine, nakunja mdomo mara mbili, sindano namba 18, uzi wa nailoni. Nje navalisha kikwembe changu cha 2019, chenye ndege wa kijani. Binti anasema gunia hili litakuwa limevaa vizuri kuliko mimi.

Tunalijaza gizani, yeye akivuta kopo, mimi nikimwaga. Vijiwe, udongo, vuta. Vijiwe, udongo, vuta. Spinachi nazirudisha juu kwanza, pembeni nitatoboa udongo ukitulia. Tatu hazitapona, naona zimelegea shingo. Namwagia kopo mbili za maji ya mchele.

Kutoka upande wa pili wa ubao jirani anaita: “Mumemaliza? Nataka kutoa mbabula.”

“Subiri, mama, dakika moja tu. Tunapita na beseni.”