Safu ya sababu

Hombolo, Jumapili jioni

Kabla hatujafunga shule, mwalimu wa taaluma alitugawia karatasi sisi wa kidato cha sita. Ina safu tatu: chuo, kozi, sababu. Tuirudishe Januari ikiwa imejazwa. Mstari wa kwanza niliumaliza palepale darasani. Namba moja niliandika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana karibu kila niliyemchungulia alikuwa ameandika hivyo. Kwenye sababu nikaweka "ni chuo kikubwa", kengele ikalia, tukatoka.

Leo ni siku ya tisa niko nyumbani na maneno yale matatu hayajaniacha. Si uongo. Chuo hicho ndicho kilichoanzisha elimu ya chuo kikuu nchini kwetu, Oktoba 1961, pale mtaa wa Lumumba, wiki chache tu kabla ya uhuru. Mjomba akitamka "chuo kikuu" hana maana ya kingine. Lakini ukubwa huo ni wa chuo, si wangu. Mtu akisoma karatasi yangu hatajua ni msichana gani ameiandika, ametoka wapi, anataka nini. Hata kozi niliyoweka pale niliichagua kwa sababu jina lake linasikika vizuri likitamkwa mbele ya wageni.

Alhamisi niliomba ruhusa nikaenda mjini kwa dada, mtoto wa shangazi, ambaye yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Anasomea ualimu wa sayansi. Miaka yote nimeviona vilima vile kwa mbali nikidhani chuo ni jengo moja kubwa lenye geti. Kumbe ni mji. Ndaki moja, yaani sehemu ya chuo yenye masomo yake, iko huku, nyingine kule ng'ambo, barabara ndefu katikati, na upepo wa Dodoma unaokunyang'anya mtandio ukizubaa. Nilikumbuka kwamba chuo chenyewe kilianzishwa 2007, mwaka ambao kaka yangu alizaliwa. Dada alinionyesha upande ulipo ukumbi wa Chimwaga, akanitembeza mpaka miguu ikauma, kisha tukakaa kitandani kwake chumbani, tukamenya karanga nilizombebea.

Nilikuwa nimeandika maswali kwenye daftari. Chuo ni cha ngapi kwa ubora? Maktaba ina vitabu vingapi? Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatoa daftari lake mwenyewe chini ya mto. Lilikuwa la matumizi. Kila siku ina mstari wake: chakula, fotokopi, bando, sabuni, nauli. Akaniambia bumu, ile pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa wanafunzi, ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini haliji kwa siku, linakuja kwa mkupuo, na siku likiingia ndipo unapomjua nani ni nani. Yeye akishalipokea huligawa kwanza kwenye karatasi ndipo alitoe kwenye simu. Akaniambia pia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria sawasawa, kwamba mkopo ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka liishe. Nilikuwa nalijua neno "mkopo" toka kidato cha kwanza, na siku zote nililisikia kama "msaada".

Kisha akanisimulia habari za kijana waliyesoma naye A-level, yuko chuo kingine, mkoa mwingine. Alama zake zilikuwa nzuri sana, na kozi aliyochagua ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kuingia, basi akaingia kwa sababu anaweza. Sasa yuko mwaka wa pili, anafaulu, na kila wakiongea kwa simu anamwambia amebakiza siku ngapi. Dada alipofika hapo alinyamaza. Baadaye akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikuja hapa bila kuuliza maswali mawili. Nani atanifundisha? Na mikono yangu itashika nini? Bahati yangu napenda kufundisha. Wewe uliza kabla."

Nimerudi na maswali hayo mawili kwenye daladala ya Hombolo. La pili ndilo lililonipeleka moja kwa moja kwenye mambo ya Machi.

Baba ana nusu eka ya zabibu, ile nyekundu ya Makutupora. Zabibu kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ule uvunaji wa Machi ndio uliokuwa unategemewa kwa ada yangu. Februari majani yakaanza kuwa na kitu cheupe. Tukasema ni vumbi la barabarani, maana shamba liko kando ya njia na malori ya mchanga yanapita hapo. Wiki mbili tunasema vumbi! Weupe ukahamia kwenye vishada, punje zikaanza kupasuka. Baba akanunua dawa ya salfa, akapuliza siku hiyohiyo saa saba mchana, kwa haraka ya mtu anayeona mali yake inaondoka. Majani yakaungua. Nilikuwa shuleni, nilisimuliwa kwa simu. Nilipokuja likizo ya Aprili nilikuta mizabibu imesimama kama imepitiwa na moto.

Bwana shamba wa kata alikuja nikiwepo. Alitafuta jani moja lililobaki na weupe, akalipangusa kwa kidole, akanipa lenzi yake ndogo nitazame. Nikaona nyuzinyuzi, laini kuliko pamba. Akasema hilo si vumbi, ni ubwiriunga, ni kuvu. Salfa inaufaa, ila hupulizwa mapema, dalili zikiwa chache au kabla hazijaonekana, na hupulizwa asubuhi au jioni, kwa sababu kwenye joto kali salfa yenyewe huunguza majani. Aliyasema hayo kwa upole, hakumlaumu mtu. Baba alikuwa amevua kofia ameishika kwa mikono miwili. Sijawahi kumuona baba amesimama vile. Dawa ilikuwa sahihi. Saa ndiyo haikuwa sahihi, na siku. Mazao ya msimu mzima yalipotea kwa jambo linaloweza kuandikwa kwenye mistari minne.

Mistari hiyo minne ndiyo ninayotaka kuijua mimi, na mingine kama hiyo. Niliijua hamu hiyo toka Aprili ila niliificha, kwa sababu shuleni kwetu ukisema unataka kilimo watu wanakuuliza kama umekosa alama za udaktari. Inaniuma. Wengi wetu tumesomeshwa kwa zabibu, alizeti, uwele na karanga, halafu tunaona haya kusomea kile kile kilicholipa ada.

Kwa hiyo nimeanza kutazama Sokoine kule Morogoro, SUA. Kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka Julai 1984 kilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea, miezi mitatu hivi baada ya Waziri Mkuu Edward Sokoine kufariki kwa ajali ya gari mkoani humohumo. Wana shahada ya kilimo cha bustani, na zabibu zimo humo. Nilimpigia bwana shamba kumuuliza kozi hiyo ikoje. Hakuniambia habari za sifa. Aliniambia niwatafute wanafunzi waliopo sasa niwaulize mara ngapi wanaingia shambani kwa muhula, na hadubini moja wanaitumia wangapi. Akanikumbusha pia kwamba kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kiko hapa hapa Dodoma, Makutupora kwenyewe, nikifika wakati wa field, yaani mafunzo kwa vitendo, niombe huko. Nimeota jambo hilo usiku wa Ijumaa, kwa kweli.

Sitaki kujidanganya kwamba hamu inatosha. Kigezo cha chini cha kuingia shahada ni principal mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa kiwango kamili cha kidato cha sita, zenye jumla ya pointi nne, na kozi nyingi zinadai zaidi ya hapo. Kemia yangu ni C ya kupigania. Mtihani ni Mei. Halafu kuna karatasi za mkopo. Jana nimetoa cheti changu cha kuzaliwa kwenye sanduku la mama nikakilinganisha na cha kidato cha nne: jina la ukoo lina herufi moja zaidi kwenye kimoja. Herufi moja. Bodi ya Mikopo wanataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na majina yasipolingana utahangaika wakati wenzako wameshatuma. Afadhali nimeiona Desemba. Baba amesema Jumatano tutakwenda mjini kuuliza namna ya kulirekebisha. (Ukiwa kidato cha sita na unasoma hapa, nenda kaangalie vyeti vyako leo.)

Limebaki la mama. Mama angependa nisome UDOM, na sababu zake si ndogo. Ni karibu. Nikiugua anafika siku hiyohiyo. Naweza kurudi Jumamosi kumsaidia na mdogo wangu. Angependa ualimu au unesi, kazi ambazo anaziona kwa macho kila siku hapa kijijini, anamjua mwenye nazo na nyumba yake. Kilimo anakiona kama kazi ambayo tayari ninayo. Sina jibu zuri la hilo la ajira. Maafisa ugani hawaajiriwi wote, na walimu nao vivyo hivyo. Nilichoweza kumwambia ni kwamba UDOM nitakiweka namba mbili, sayansi ya baiolojia, na nitafurahi nikienda, kwa sababu maombi unatuma mwenyewe kwa kila chuo na si lazima uchague kimoja ukaacha kingine mapema hivi. Ukaribu wake nao nimeuandika kwenye safu ya sababu, kwa wino, bila kuona haya. Mjomba bado hajui kwamba Dar imeshuka namba tatu.

Namba moja nimeandika: Sokoine, kilimo cha bustani. Sababu: "Februari tulidhani ni vumbi." Mwalimu pengine ataniita kuniuliza maana yake, nami nitamweleza.

Mama alikuwa anachambua mlenda nilipomsomea. Hakusema ndiyo wala hapana. Alimaliza ungo mzima, akakung'uta mikono, akauliza ile treni mpya ya kutoka Morogoro inafika Dodoma saa ngapi, na kama ukifika usiku bado kuna gari la kuja Hombolo.