Carina yangu ya zamani inatembea na gesi, na waliosema haiwezekani waje wasome

Mimi naishi Bagamoyo, mihangaiko yangu mingi iko Dar, na gari yangu ni Carina Ti ya miaka ya tisini, injini 5A, ile yenye distributa (kile kinachogawa umeme wa cheche) na waya za plagi. Petroli ilivyovuka elfu tatu kwa lita nikasema hapana, naweka gesi.

Ushauri niliopewa mwanzoni ulinichosha kabisa. Huyu anasema gari ya zamani ukiiwekea gesi injini inakufa hata mwaka haumalizi. Mwingine, tena fundi, ananiambia "Kaka, hela zote hizo za nini, leta mtungi wa jikoni tuufunge kwenye buti, tuvute mpira mpaka mbele, unatembea." Jamani msithubutu! Ile ya kupikia ni LPG, nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini ndani ya gari inasubiri cheche tu. Magari ya LPG yapo duniani, ila yana tangi lake maalumu lenye valvu inayozuia lisijae zaidi ya asilimia 80, sio mtungi uliotoka chini ya jiko la mama watoto. Huku kwetu gesi ya magari tunayojaza ni CNG, hii hii gesi asilia ya Songosongo na Mtwara. Yenyewe ni nyepesi, ikivuja inapanda juu inapotea, lakini inakaa kwenye presha ya bar 200 hivi, kwa hiyo mtungi wake ni chuma kizito kweli kweli na kuufunga sio kazi ya kubahatisha.

Nikafunga Dar, ikanitoka milioni moja na nusu na zaidi, ukiweka na vidogo vidogo karibu mbili. Mtungi wa kilo 11 kwenye buti, swichi kwenye dashibodi, basi.

Sasa shughuli ikaanza. Kwenye petroli gari tamu, ikihamia gesi nikitaka kulipita lori pale Mapinga inakohoa, inamisi (moto haushiki kwenye injini), inavuta nyuma. Nikairudisha karakana, wakachomeka laptop wakachezea seting, wakabadilisha filta, haikusaidia kitu. Mara nozeli mpya, mara "bosi, gari yako imechoka, nunua injini". Injini! Wakati kwenye petroli haina shida yoyote, iliniuma sana.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa hapa hapa Bagamoyo, fundi wa siku nyingi, tunamwita Babu. Nilivyomweleza hata boneti hakufungua, akasema "Mwanangu, niletee usiku, na uje na chupa ya kupulizia maji." Nikaenda baada ya isha. Akazima taa ya uani, gari ikawa inaunguruma kwenye gesi, boneti wazi, giza totoro, akaanza kupuliza maji kama umande juu ya waya za plagi. Wallahi niliona kwa macho yangu! Waya wa plagi ya tatu ukawa unarusha cheche za bluu zinarukia kwenye kichwa cha injini, tik tik tik, na kila zikiruka gari inamisi. Babu akaniambia gesi inataka moto mkali kuliko petroli ndio iwake, kwa hiyo waya uliochoka petroli inauvumilia, gesi haiuvumilii. Asubuhi akafungua kifuniko cha distributa, vile visahani vya ndani vimeota ukungu wa kijani. Hewa ya chumvi hiyo, sisi wa pwani tunaijua.

Tukaweka waya mpya, kifuniko, rota na plagi mpya, na zile plagi akazibana nafasi ya kurukia cheche kutoka milimita 1.1 mpaka 0.8. Haikufika hata laki mbili. Toka siku hiyo haijamisi tena. Nguvu imepungua kidogo, hiyo ni kawaida ya gesi, ila kilo moja nilivyoanza ilikuwa elfu moja mia tano na kitu, na inanisukuma mbali kuliko lita ya petroli. Naenda Dar na kurudi kwa mtungi mmoja na inabaki.

Tangi la petroli usiliache likauke, gari inawaka na petroli kwanza mpaka injini ipate moto ndio inahama yenyewe, na pampu ikikaa kavu inaungua. Maji ya rejeta pia yaangalie, ndiyo yanayopasha ile regyuleta inayopunguza presha ya gesi, isigande kwa baridi ya gesi.

Na kujaza, jaza alfajiri. Mchana wa jua kali mtungi unapata moto wakati wa kujaza, geji inaonyesha umejaa, ukifika Tegeta umepoa na geji imeshuka. Mimi saa kumi na moja niko njiani, najaza Ubungo foleni ikiwa fupi, saa mbili niko kazini.