Siku moja maishani mwangu: injini ya Canter inahamia kwenye mashua

Saa 12 asubuhi

Niko Sahare, ufukweni Tanga, viatu mkononi. Ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na bamvua la Tanga lina saa zake: maji hujaa alfajiri, hupwa hadi mwisho kwenye saa nne asubuhi, kisha hurudi kujaa kwenye saa kumi jioni. Ratiba yangu ya leo imeshapangwa na bahari. Kazi za chini ya mashua ziishe kabla ya adhuhuri. Kulinganisha shafti, chuma kirefu cha kuzungusha rafadha (pangaboi la mashua), kusubiri mashua ielee. Vijana wanaweka magadi, miti ya kuegemeza mashua, huku na huku ili maji yakiondoka isilale ubavu.

Mashua ni ya mbao, mita 11, ya uvuvi. Injini ni 4D32 iliyovuliwa kwenye Mitsubishi Canter iliyopata ajali: silinda 4, lita 3.6, haina tabo (kifaa cha kuishindilia hewa). Mimi kwa boti napenda injini isiyo na tabo. Vya kuharibika ni vichache, na fundi yeyote kuanzia hapa mpaka Pangani anaijua.

Saa 2

Ngamiani, mbio mbio. Nachukua flenji, sahani ya kuungia shafti, niliyoacha ikerezwe, mipira ya maji, klipu na bolti. Muuza spea ananiuliza, "Fundi, rejeta ya hiyo Canter hutaki kubadilisha?" Namwambia rejeta nilishaiuza. Ananitazama kama nimerukwa na akili.

Saa 3 mpaka saa 6

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wengi hudhani ugumu uko kwenye injini, lakini injini ilishafunguliwa, ikatiwa pete na beringi mpya, haina neno. Ugumu ni maji. Kwenye lori, rejeta hupozwa na upepo. Ndani ya mashua upepo hakuna, na feni ukiiacha itachota maji ya ngama, yanayotuama chini ndani ya chombo, na kuyarusha juu ya stata. Kwa hiyo feni imetoka, rejeta imetoka, na joto lazima litafutiwe pa kwenda.

Njia ya mkato ni kuvuta maji ya bahari na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya bloku. Mwanzoni inapoa vizuri mpaka mwenye chombo anakusifu. Lakini dizeli inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 80 hivi, na maji ya bahari yakivuka nyuzi 60 na kitu yanaanza kuacha magamba ya chumvi kwenye njia za maji. Ukitoa themostati, inayozuia injini isipoe mno, ili injini ibaki baridi, dizeli haiungui sawasawa na oili inachafuka upesi. Na bloku la lori ni chuma cha kalibu: chumvi inalila kimyakimya, siku moja unakuta maji kwenye oili. Kazi ya namna hiyo siifanyi, hata mteja anikasirikie.

Tunachofanya leo ni kufunga mabomba ya shaba ya inchi moja na nusu nje ya mashua, kandokando ya mkuku (uti wa chini wa mashua), kwenda na kurudi. Ndani yake yanazunguka maji yasiyo na chumvi yaliyochanganywa na kulanti, yakisukumwa na pampu ileile ya injini. Bahari inayapoza kwa nje. Juu kabisa kuna tangi dogo lenye kifuniko cha rejeta, la kujazia maji na kutolea hewa. Bahari haigusi injini hata tone. Kijana wangu anataka kuyapaka mabomba rangi yapendeze. Namkataza, kwa sababu rangi nzito inazuia joto lisitoke. Kwa sababu hiyohiyo nahodha atapaswa kuyasugua kila akipandisha mashua, yasiote makome.

Kabla maji hayajarudi tunamaliza shetri, yaani nyuma ya mashua: rafadha, kipande cha zinki kwenye shafti ili kutu iile zinki kwanza, na kamba ya pakini yenye grisi ya kuzuia maji pale shafti inapopenya mbao.

Saa 7

Swala, kisha wali na samaki chini ya mwarobaini. Nahodha, mzee wa heshima zake, ana lake moyoni.

"Fundi, ile giaboksi ya Canter ilikuwa nzima. Hii ya boti imenimaliza."

"Mjomba, kwenye lori shafti inazungusha tu, haisukumi giaboksi. Rafadha inaisukuma mashua yote kupitia shafti, na mzigo huo unaishia kwenye beringi za gia. Za lori hazikutengenezwa kwa kazi hiyo."

"Zamani walikuwa wanafunga za lori."

"Walifunga. Na wenye akili waliweka beringi nyingine kwenye shafti ya kupokea msukumo."

Anakubali nusu. Gia ya boti pia inapunguza mizunguko kuwa nusu, maana rafadha kubwa inayozunguka taratibu inasukuma vizuri kuliko ndogo inayokwenda kasi. Hilo halina ubishi kwake.

Saa 8 na nusu

Madogo madogo. Injini imelala kidogo kuelekea shetri, kwa hiyo kijiti cha oili cha lori sasa kinadanganya. Nilipima oili injini ikiwa sawa chini. Leo natia alama mpya. Bomba la moshi, linaloweza kuvuka nyuzi 400, linafungwa kitambaa cha kukinga moto na kupandishwa juu mbali na mbao.

Saa 10

Mashua imeelea. Sasa tu ndiyo nalegeza flenji ya shafti. Nchi kavu mbao hukaa kivyake, majini hukaa kivyake, na ulichonyoosha juu ya magadi hupinda chombo kikielea. Naingiza fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya flenji mbili: juu, chini, kulia, kushoto. Tofauti isizidi milimita 0.1. Chini pana sana. Tunapachika vibati chini ya miguu ya injini, tunapima, tunatoa kimoja, tunapima tena. Kazi ya kuchosha shingo, na haina njia ya haraka.

Saa 11 na nusu

Tunatoa hewa kwenye njia ya dizeli, betri mbili zinaipa stata volti 24, inawaka. Shetrini pakini inadondosha tone moja moja, ndivyo inavyotakiwa. Ikikauka kabisa inaunguza shafti. Tunaelekea upande wa kisiwa cha Ulenge. Joto linapanda mpaka 82, linatulia.

Lakini nikivuta mafuta yote injini inagoma kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika na kutoa moshi mweusi. Rafadha ni kubwa mno. Nahodha aliinunua mwenyewe kwa bei ya kutupa. Lori hupanda mlima kisha likapumzika kwenye mteremko. Boti ni kama lori linalotoka Mombo kupanda Lushoto na Lushoto yenyewe haifiki. Ukiilemea hivyo kutwa, vali na pistoni zinaungua.

Saa 1 usiku

Nahodha anataka kutoka usiku huuhuu, wavuvi wake wamekwisha nunua barafu. Nimeondoka na ufunguo mfukoni. Kesho maji yatapwa karibu na saa tano. Tutavua rafadha, ikapunguzwe ncha, na jioni tutajaribu tena mpaka injini ifike 3,000 bila moshi.