Tulivyoenda kuikagua Maine mwezi wa pili kabla ya kuhama Houston

Mtu akikwambia anahamia Maine muulize kwanza aliiona mwezi gani. Mwezi wa saba kila mtu anaipenda, jua linazama saa mbili na nusu usiku, bahari ipo, misitu ya kijani mpaka macho yanachoka, unarudi nyumbani umeshaanza kuangalia nyumba kwenye simu. Sisi tulienda mwezi wa pili makusudi kabisa. Wazo la mke wangu hilo, alisema kama tutashindwa bora tushindwe na tiketi ya kurudi mkononi kuliko tushindwe na watoto wameshaanza shule.

Kwa nini Maine, hata mama yangu Handeni bado anauliza. Houston tumekaa miaka mingi na maisha yapo, ila joto la pale, bima ya nyumba kila mwaka inapanda, na mvua ikipiga siku mbili unaanza kuangalia mlango wa gereji kama maji yanaingia. Mke wangu ni nesi, na Maine ndilo jimbo lenye wazee wengi kuliko yote Marekani ukipima kwa umri wa wakazi, kwa hiyo manesi na watu wa kuhudumia wazee wanatafutwa kweli. Halafu Texas na Maine zote zimo kwenye mkataba wa majimbo kutambuliana leseni za uuguzi, leseni yake inatambulika kule, ila ukishahamia ukawa mkazi lazima uombe ya kwao. Mimi naendesha forklift, maghala yapo kila mahali.

Tukashukia Boston maana tiketi ilikuwa rahisi, tukakodi gari, tukashika barabara kuu ya I-95 kwenda kaskazini. New Hampshire unaipita fasta tu, pwani yao ni fupi sana, ukivuka daraja la mto Piscataqua umeshaingia Kittery, Maine, na hapo hapo nikapata somo la kwanza. Barabara wanaimwagia chumvi ili barafu iyeyuke, sasa lori likikupita linakurushia tope la chumvi kioo kizima, unapiga waipa, linakauka, unabaki na ukungu mweupe huoni kitu na uko maili 70 kwa saa. Maji ya waipa yaliyokuwa kwenye gari yakaisha kabla hata hatujafika Portland. Sheli ya kwanza tuliyosimama madumu ya yale maji ya bluu yamepangwa nje kwa mafungu, nikachukua la kwanza nililoona, dada wa kaunta akanirudisha, akaniambia chukua lile lililoandikwa hasi 20, hilo ulilobeba litaganda. Hakucheka wala hakuuliza natoka wapi. Alikuwa na koti jepesi tu wakati mimi nimevaa kila kitu nilichokuja nacho.

Portland sitaiongelea sana. Mji mzuri, ndio mkubwa kuliko yote Maine na wakazi hawafiki hata elfu 70, lakini kodi za nyumba ni za kukutoa jasho, tukajua mapema si saizi yetu. Nilitaka tu kuliona lile jengo la michezo la Expo ambalo mwaka 2019 mji uliwalaza mamia ya watu walioomba hifadhi, wengi Wakongo na Waangola waliopita njia ndefu ya Amerika ya Kusini mpaka Texas kisha wakapanda basi kuja huku juu. Tukapiga picha, tukaondoka.

Lewiston ndiyo ilitushika. Ni kama maili 35 kutoka Portland, mji wa viwanda vya nguo vya zamani, majengo ya matofali mekundu marefu kando ya mto Androscoggin, ng'ambo ya mto kuna mji mwenzake Auburn. Viwanda vile vilijengwa kwa jasho la Wafaransa waliotoka Quebec, na mpaka leo wapo wazee wanaoongea Kifaransa, na kanisa lao kubwa la Petro na Paulo linaonekana kutoka mbali. Viwanda vikafa, mji ukazeeka, halafu kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuja, wakafuatiwa na Wabantu wa Somalia, na sasa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Ukitembea Lisbon Street unasahau uko wapi mpaka upepo ukupige usoni.

Tuliingia duka moja pale, sambusa za moto kwenye kabati la kioo, unga wa mahindi mweupe, mchele wa magunia, friza la nyama ya mbuzi ya halali. Mwenye duka Msomali, akatusikia tunabishana kuhusu bei akajibu kwa Kiswahili cha Kenya kilichonyooka, "Hiyo bei si mbaya, ndugu yangu, Walmart huwezi pata hiyo." Kumbe amekulia Dadaab, kambi ya wakimbizi kule Kenya. Ndiye aliyetuhadithia habari ya timu ya soka ya sekondari ya Lewiston iliyochukua ubingwa wa jimbo 2015, vijana wengi wakiwa wametokea kwenye zile kambi, anaisimulia kama jana vile, na jinsi mji mzima, hata wale waliokuwa wanalalamika wageni wamejaa, walikuja uwanjani kushangilia.

Sasa nikiwa pale akaingia bibi mmoja na mjukuu wake, amejitanda shuka tatu juu ya jaketi, mwenye duka akamwambia hawa ni Watanzania. Bibi akauliza Tanzania wapi. Nikasema Tanga, Handeni, mama yangu Mzigua. Aisee! Yule bibi akaanza kuongea Kizigua. Si kile cha kwetu hasa, kina maneno yamekaa kizamani na mengine ya Kisomali, lakini nilikuwa naelewa na ninamjibu kwa kile Kizigua changu cha kuvunjika nilichoachiwa na bibi yangu. Kwa wasiojua, kati ya Wabantu wa Somalia wapo ambao mababu zao walichukuliwa Uzigua karne ya 19 wakauzwa Somalia, wakakimbilia bonde la mto Juba wakaishi huko na lugha yao, vita vya miaka ya 90 vikawafukuza, wengine wakarudi mpaka Chogo kule kwetu Handeni na kupewa uraia, na wengine Marekani ikawapokea kuanzia 2003 na 2004 hivi. Nilikuwa naijua hiyo historia kwa juu juu. Kuikuta Maine, theluji magotini, ni jambo jingine. Nikamwamkia shikamoo, akanishika kichwa. Akatuambia wana shamba la jamii yao kijiji kinaitwa Wales, hapo karibu, wanalima mahindi majira ya joto, na msimu unatosha ukiwahi kupanda. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni na mfuko wa sambusa haelewi hata neno, yeye Mhaya.

Mpenzi wa ndondi naye ajue, ukumbi ambao Muhammad Ali alimwangusha Liston tarehe 25 Mei 1965 uko huko huko Lewiston. Ile picha Ali amemsimamia mtu sakafuni anafoka, ni pale. Mji mdogo hivi! Baba angekuwa hai ningempigia simu.

Usiku tukaalikwa kwa familia ya Kikongo, tulifahamiana nao kupitia kanisa letu Houston. Yule papa, maana ndivyo kila mtu pale anamwita, ana miaka kama sita Lewiston. Nikamuuliza baridi. "Baridi iko mingi, lakini baridi haina shida, tunavaa. Shida ni joto." Ndiyo akatufungua macho. Ukitafuta nyumba ya kupanga Maine swali la kwanza si vyumba vingapi, ni joto limo kwenye kodi au halimo? Maana nyumba nyingi sana za Maine zinapashwa joto kwa mafuta, yale ya kuletwa na lori, hakuna jimbo linalotegemea mafuta kuliko hilo, na nyumba ya zamani yenye madirisha ya mbao inayameza. Kodi ya rahisi isiyo na joto ndani yake mwezi wa kwanza inakuwa ghali kuliko ile uliyoikataa. Swali la pili kama una watoto wadogo, rangi. Yale maghorofa ya mbao ya zamani ya Lewiston mengi yana rangi yenye madini ya risasi, watoto wameumwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo omba karatasi ya vipimo kabla hujasaini chochote.

Kesho yake tukaelekea kaskazini, maana mimi bado kichwani nilikuwa na nyumba za Millinocket. Nilikuwa naziangalia usiku usiku kwenye simu, vyumba vinne, kiwanja, kwa bei ya pickup mpya. Ukishapita Bangor barabara inakuwa miti tu, miti, ubao wa tahadhari ya moose, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, miti tena, redio inakata. Asilimia karibu 90 ya Maine ni msitu na nusu ya ardhi yake haina hata serikali ya mji wala kijiji. Tukatoka kwenye barabara kuu pale Medway, na kukiwa kweupe mlima Katahdin ukatokea mbele, mweupe wote. Huo nakubali, ulinyamazisha gari zima.

Millinocket ilikuwa mji wa kiwanda cha karatasi, kimefungwa 2008, wakazi waliobaki ni kama elfu nne. Kwenye sheli pikipiki za theluji zimepanga foleni ya mafuta na gari yetu iko katikati kama imepotea njia. Dalali, mama mmoja mchangamfu, akatupeleka kwenye nyumba, mimi naangalia sebule, mke wangu kashashuka beismenti, chumba cha chini ya nyumba. Nikamfuata. Tangi la mafuta la galoni 275, boila ya zamani ina kibandiko cha fundi cha miaka mingi nyuma, na ukutani risiti za mafuta za mwenye nyumba zimechomekwa kwenye msumari. Mke wangu akazitoa akazipiga hesabu pale pale kwa simu. Karibu galoni 900 msimu mmoja, na wakati ule galoni ilikuwa dola tatu na senti zake. Akazirudisha kwenye msumari, akanitazama, hakusema kitu.

Tukaona na ya pili, nje ya mji, barabara ya udongo. Huko ni kisima chako, septiki yako, theluji yako. Dalali mwenyewe akasema maji ya kisima lazima yapimwe sumu ya aseniki maana miamba ya Maine inayo, na radoni pia, ile gesi ya mionzi, na mwezi wa nne barafu ikiyeyuka ile barabara inakuwa tope mpaka basi la shule linashindwa kufika mlangoni. Umeme ukikatika kwa dhoruba unaweza kukaa siku kadhaa, kila nyumba inayojielewa ina jenereta au jiko la kuni. Nikasema moyoni, mgao umenifuata mpaka huku.

Asubuhi tunaondoka gari ilisoma hasi 11 za Farenihaiti, yaani kama hasi 24 za Selsiasi. Sijui nielezeeje. Nywele za puani zinaganda ukivuta pumzi, usukani mgumu, kiti kigumu kama benchi, na gari ikiwaka inalia mlio ambao hujawahi kuusikia. Mzee mmoja Mzungu wa nyumba ya jirani na tulipolala alikuwa anasafisha njia kwa mashine yake, akamaliza yake, akahamia kwetu, akafanya mpaka nyuma ya gari letu, akanyanyua mkono akaenda zake. Neno hata moja. Watu wa kule ni hivyo, hawakuchangamkii ila hawakuachi kwenye theluji. Weusi ni wachache sana, dukani unaangaliwa, lakini ubaya hatukuonyeshwa.

Kilichoimaliza Millinocket si baridi. Sisi bado tunataka mtoto mwingine, na hospitali nyingi za vijijini Maine zimefunga wodi za kujifungulia miaka hii, mke wangu alipiga simu mbili tatu akaambiwa ni Bangor. Maili 70 na kitu, usiku, mwezi wa kwanza, barafu, mimi ndiye dereva. Hapo hata mimi nikaacha kutetea bei.

Na giza nalo. Mwezi wa pili jua linazama saa kumi na moja jioni na wenyeji wanasherehekea kabisa, maana Desemba huko Bangor linazama kabla ya saa kumi. Maine iko mashariki mwisho wa ukanda wao wa saa, ndiyo maana. Yule papa alituambia anakunywa vitamini D kuanzia mwezi wa kumi na watoto anawatoa nje kila siku hata ikiwa dakika kumi.

Basi tumeamua Auburn, ng'ambo ya Lewiston, kupanga, joto limo kwenye kodi, tunahamia mwezi wa nane watoto wawahi shule. Kununua hakuna mpaka tumalize msimu mmoja wa baridi. Mahesabu yenyewe hayakutoka vizuri kama nilivyotarajia, Texas hatulipi kodi ya mapato ya jimbo na Maine wanakata mpaka asilimia 7.15, ila kodi ya serikali ya kumiliki nyumba na bima tunazolipa sasa hivi zinazidi kile tutakachokatwa, na manesi wawili tulioongea nao Lewiston walisema ovataimu unaikataa wewe tu. Mke wangu ameshaanza maombi ya leseni. Mimi nimebakiza kuuza gari, maana letu linasukumwa na matairi ya nyuma, na kila mtu niliyemuuliza Maine kama linafaa alicheka kwanza ndio akajibu.