Bustani ya jangwani: kumbukumbu za msimu wa mvua

Mwanzo wa Julai

Mvua bado. Kwa watabiri wa hali ya hewa hapa Arizona, Marekani, msimu ulianza 15 Juni na utakwisha 30 Septemba, ila mawingu ya mji wetu wa Tucson hayana habari na kalenda. Joto limepita nyuzi 40 wiki nzima. Nyanya zinachanua na kudondosha maua, maana chavua haistahimili joto hili. Nimezifunika kwa neti ya kivuli, zijikaze tu mpaka hali itulie.

Kazi kubwa sasa ni majaluba, yaani vitalu vilivyochimbwa chini ya usawa wa ardhi. Tuta la kuinuliwa huku hukauka upesi na mvua kali hulisomba, kwa hiyo mimi nachimba kwenda chini, ili maji yanayotiririka uani yaingie kwenye mizizi yasiishie barabarani. Tabu ni kaliche, lile tabaka la chokaa lililogandamana chini ya udongo. Jembe linadunda! Nalilowesha jioni, asubuhi napasua kwa mtaimbo. Shimo likishachimbwa nalijaza maji. Yakikutwa bado yapo kesho yake, narudi na mtaimbo, kwa sababu hapo mizizi itaoza.

Katikati ya Julai

Imenyesha! Kwanza upepo na vumbi, kisha harufu ya vichaka vya kreosoti, halafu maji kama yamemwagwa. Nilisimama barazani kuangalia yanakopita. Yalishuka kutoka kwenye gata hadi jaluba la kwanza, yakaelesha matandazo ya majani makavu, yakafika kwenye jiwe la mdomo, yakamwagikia la pili. La tatu halikupata kitu: mtaro umepanda kidogo pale katikati. Nitaushusha.

Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20, ni lita 1,000. Tangi langu linajaa kwa mvua moja nzuri, ndiyo maana ghala langu la kweli ni udongo.

Ardhi ingali na unyevu nimepanda kunde, bamia, maboga na maharagwe ya tepari, ambayo Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, wamekuwa wakiyapanda kwa mvua hizihizi tangu enzi na enzi. Hayo ukiyadekeza kwa maji yanatoa majani mengi na maganda machache.

Agosti

Nimezima umwagiliaji wa matone. Kabla ya kuuwasha natia kidole kwenye udongo. Kukiwa na unyevu chini, hakuna kuwasha, hata juu pakionekana pakavu. Majani machanga ya mlimau yamekuwa njano huku mishipa imebaki kijani. Dalili hiyo ni ya kukosa chuma, lakini chuma kimo ardhini: udongo wetu wa chokaa ukilowa mno, mizizi inashindwa kukichukua. Dawa ya kwanza ni kuacha ukauke, mbolea baadaye.

Magugu yamefurika. Nayang'oa kabla hayajatoa mbegu na kuyalaza palepale yawe matandazo. Kwenye nyanya natafuta kwanza vinyesi vyeusi juu ya majani, kisha naangalia juu yake: kiwavi mnene wa kijani, rangi moja na shina, kakaa kimya. Namtoa kwa mkono. Visahani vya vyungu vyote navimwaga, maana mbu hawahitaji zaidi ya wiki moja hivi.

Mwanzo wa Septemba

Usiku umepoa na nyanya zimeanza kushika matunda. Tepari zinakauka maganda; nazichuma asubuhi mapema, kwa kuwa jua likishapanda zinapasuka na kutawanya mbegu. Mvua zimeanza kupishana kwa mbali, umwagiliaji wa matone nimeuwasha tena, mara chache ila kwa muda mrefu. Karoti na spinachi zitasubiri udongo upoe. Wiki hii ni ule mtaro wa jaluba la tatu, kabla kaliche haijakauka tena.