Upepo Ulipotufungia Inis Meáin

Nauli ya feri kutoka Rossaveal ilinikera kabla mawimbi hayajanilowesha. Ila nilitaka kukiona Inis Meáin, kisiwa cha magharibi mwa Ayalandi alichokaa J. M. Synge, mwandishi wa tamthilia wa Ayalandi, alikofika mara ya kwanza mwaka 1898 baada ya mshairi Yeats kumshawishi akiwa Paris. Nyumba aliyopanga bado ipo: kuta nyeupe, paa la nyasi. Niliizunguka nikamaliza.

Asubuhi mwenye nyumba ya wageni akagonga na habari mbili. Feri haiji kwa sababu ya upepo, na usiku wa pili ni bei ileile, chai haimo. Ubishi wangu haukupunguza hata senti.

Basi tukashinda jikoni. Mzee mmoja, jirani, aliyeingia kuota moto, aliniuliza nimefuata nini. Nilipomtajia Synge akacheka, akasema kila mgeni anataka kuonyeshwa shimo la muuaji. Kisa hicho Synge alisimuliwa hapa: mtu wa Connaught, jimbo la magharibi mwa Ayalandi, alimuua baba yake kwa sepeto, akakimbilia visiwani, wenyeji wakamficha shimoni polisi wasimwone, kisha wakamsafirisha Marekani. Kikazaa tamthilia yake The Playboy of the Western World, na mwaka 1907 watazamaji wa Dublin wakafanya fujo ukumbini.

Kisa cha tamthilia yake nyingine, In the Shadow of the Glen, mume anayejifanya maiti ili amnase mkewe, alipewa na mzee Pat Dirane. Ningekuwa Pat, ningedai tumbaku ya mwaka mzima.

Lakini tamthilia ya Riders to the Sea ndiyo iliyonileta. Synge alipokuwa kisiwani, watu walikuwa wakiulizana kama maiti iliyookotwa ufukweni Donegal, kaskazini zaidi, ni ya mtu wao, wakipima kwa shati na kiatu. Jukwaani ikawa soksi: dada anaitambua ya kaka yake kwa sababu aliifuma mwenyewe, vitanzi sitini, vinne vikamponyoka. Kwetu pwani wapo tuliowasomea hitima bila kaburi, na sijawahi kumwona mtu wetu akiliandika hilo kwa kuhesabu nyuzi. Nilimwambia mzee. Akaniuliza bahari yetu ina joto kiasi gani, nikamjibu, akatikisa kichwa kama niliyemdanganya.

Kesho yake feri ilikuja. Tiketi yangu ya kurudi, wakasema, ilikuwa ya jana. Nikalipa nyingine.